Kumtumaini Mungu Chini ya Mlima Hanang



Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa linaanza mwaka wake mpya. Ilikuwa asubuhi na mapema, saa ambayo mama wa nyumba huamka kuwasha moto na kuwatayarisha watoto kwenda kanisani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Ghafla sehemu ya Mlima Hanang ikaporomoka. Matope, mawe na magogo yakashuka kwa nguvu juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakafunika nyumba, maduka, mashamba na watu. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wengine wengi waliumia, na maelfu walipatwa na hasara.

Hanang ni mlima wa volkano iliyolala tangu zamani, wenye urefu wa mita 3,420 hivi. Serikali ilieleza baadaye kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mengi ya mvua, ikalemewa na uzito wake, ikakatika. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi kupita kawaida katika Afrika Mashariki yote, na nchi jirani pia zilipata mafuriko.

Hayo ni maelezo ya wataalamu, nayo ni ya kweli na ya lazima. Lakini mama aliyempoteza mtoto huuliza swali jingine. Anauliza, "Mungu alikuwa wapi?" Pengine anauliza kwa sauti ya chini zaidi, "Nilimkosea nini?" Katika makala hii tunapenda tukae na swali hilo pamoja nanyi, tukiwa na Biblia mkononi, maana ni swali la kila nyumba iliyowahi kuguswa na msiba, iwe Hanang, iwe Mbulu, iwe mahali pengine popote.

Masomo ya siku ile

Somo la kwanza la Dominika ile lilitoka katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya 63 na ya 64. Humo watu wa Mungu wanamlilia Baba yao azipasue mbingu na kushuka, hata milima itikisike mbele yake. Mbele kidogo wanakiri kwamba wao ni udongo tu, naye Mungu ndiye mfinyanzi, na wote ni kazi ya mikono yake.

Milima inayotikisika, na udongo! Maneno hayo yalisomwa kote duniani siku ileile ambayo mlima ulianguka Hanang. Masomo ya Misa hupangwa miaka mingi kabla, kwa hiyo hatusemi kwamba yalikuwa utabiri. Hatusemi pia kwamba Mungu aliujibu ule wito wa Isaya kwa kuwafunika watoto kwa matope. Kusema hivyo ni kumsingizia Mungu.

Tumsome nabii vizuri. Watu wale waliolia hivyo walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Mji wao ulikuwa magofu, na hekalu lao lilikuwa limeteketezwa kwa moto. Hawakuwa watu wenye raha waliotaka kuona maajabu. Walikuwa watu wanaosimama juu ya vifusi vya nyumba zao, wakimwuliza Mungu kwa nini amenyamaza. Na katikati ya malalamiko hayo wanamwita Baba. Hapo tunaona jambo la kwanza kuhusu kumtumaini Mungu: mtu anaweza kulalamika na bado akatumaini. Aliyeacha kutumaini hana hata mtu wa kumlalamikia.

Somo la pili la siku ile, kutoka waraka wa kwanza wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho, lilimalizia kwa kusema kwamba Mungu ni mwaminifu. Injili, kutoka kwa Marko sura ya 13, ilituagiza kukesha, kwa kuwa hatuijui saa atakayorudi mwenye nyumba, kama ni jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo, au asubuhi. Tutarudi kwenye agizo hilo baadaye.

Mnara wa Siloamu

Swali la kosa, yaani "nilimkosea nini Mungu", Yesu mwenyewe aliulizwa. Tunasoma habari hiyo katika Luka 13, aya ya 1 hadi ya 9. Tunawaomba akina mama waifungue wenyewe na kuisoma polepole.

Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye akawakumbusha ajali nyingine ambayo mji mzima uliijua: mnara wa Siloamu, huko Yerusalemu, uliowaangukia watu 18 na kuwaua. Akawauliza kama wanadhani hao 18 walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: hapana.

Neno hilo moja tungependa liandikwe juu ya mlango wa kila nyumba yenye msiba. Hapana. Waliofunikwa na matope ya Hanang hawakuwa na dhambi kuliko wale waliokuwa upande wa pili wa barabara. Mama aliyebaki bila mtoto hakuadhibiwa, wala yule ambaye nyumba yake ilibaki imesimama hakupewa tuzo ya wema wake. Mtu anayekwenda msibani na kuanza kutafuta nani alikosea, nani hakutambika, nani hakutoa zaka, anasema kinyume cha maneno ya Bwana wetu.

Ni kweli kwamba Yesu anaongeza neno la toba. Lakini tuangalie anawaambia nani. Hawaambii marehemu wala wafiwa. Anawaambia wale waliokuja na habari, waliokuwa salama, waliotaka kupima dhambi za wengine. Anawageuza wajitazame wao.

Kisha Yesu anasimulia mfano, nasi mara nyingi tunausoma peke yake kana kwamba hauhusiani na ule mnara. Mtu mmoja alikuwa na mtini usiozaa. Alikuja kutafuta matunda miaka mitatu asipate, akataka ukatwe. Mtunza shamba akamwomba auache mwaka huo mmoja tu, ili aulimie pande zote na kuutia samadi.

Hapo ndipo tunapoliona jibu la Yesu. Mnara umeanguka, watu wamekufa, wote wanasubiri maelezo. Yesu hatoi hesabu ya dhambi. Anatuonyesha mtu mwenye jembe, anayeomba mwaka mmoja zaidi na kukubali kuchafua mikono yake kwa samadi.

Mkulima yeyote wa Mbulu anauelewa mfano huo vizuri. Wairaqw wa Kainam, kwenye milima ambayo ndiyo asili ya kabila lao, wanasifika tangu zamani kwa kulima eneo dogo lenye miteremko mikali bila kulimaliza. Walijifunza kurudisha samadi ya mifugo shambani, kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na kuvumilia. Wanajua kwamba shamba lililochoka halitupwi, linatunzwa. Ndivyo Mungu anavyotutendea. Imani yetu inasema kwamba mtunza shamba huyo ni Kristo mwenyewe, anayetuombea mbele ya Baba na ambaye hakukaa kando ya udongo wetu bali aliingia ndani yake, hata kaburini.

Mama hasahau

Wamisionari wa kwanza walipofika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwakuta watu wasiomjua Mungu. Wazee wa Kiiraqw walimwita Lo'a, jina ambalo pia ni la jua, na walimsema kama mama mwema. Katika sala yao ndefu iitwayo slufay, mzee mmoja huongoza na wengine huitikia kwa pamoja, wakiomba amani ya nchi, watu na mifugo. Anayeijua litania ya kanisani hataona ugeni mkubwa katika namna hiyo ya kusali.

Sisi Wakristo tunamwita Mungu Baba kwa kuwa Yesu ametufundisha hivyo. Lakini Maandiko hayaoni aibu kumfananisha na mama. Katika Isaya 49, aya ya 14 na ya 15, Sayuni inalia kwamba Bwana ameisahau. Mungu anajibu kwa swali: je, mama anaweza kumsahau mtoto wake anyonyaye? Na hata kama ingetokea mama akamsahau, yeye Mungu hatasahau. Katika sura ya 66 ya kitabu hichohicho, Mungu anaahidi kuwafariji watu wake kama mtu anavyofarijiwa na mama yake.

Maneno hayo hayafuti kilio, nasi hatupaswi kuyatumia kumnyamazisha mama anayelia. Mara nyingi msibani tunasikia akiambiwa mfiwa, "Usilie, ni mapenzi ya Mungu." Nia ni njema, lakini neno lenyewe linaweza kuumiza. Naomi, katika kitabu cha Ruthu, alizika mume na watoto wawili wa kiume ugenini. Aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, yaani mwenye kupendeza, wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Biblia haikumkemea. Ruthu, mkwe wake, hakumhubiria. Alifuatana naye njia nzima, na walipofika alikwenda kuokota masuke ili wale. Kutokana na nyumba hiyo yenye uchungu alizaliwa Obedi, babu yake Daudi, na katika ukoo huo Mwokozi.

Dada zetu, kama tukikosa neno la kumwambia mfiwa, tusitafute. Tukae naye. Tumchotee maji. Ruthu hakufanya zaidi ya hayo.

Kutomtenga aliyeumizwa

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa Mbulu watalielewa upesi. Katika mila za zamani za Kiiraqw ilikuwapo hali iliyoitwa metimani. Mtu au nyumba iliyoguswa na aina fulani za vifo, au mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, alitengwa kwa muda. Hakushirikiana na wengine chakula wala shughuli, kwa hofu kwamba balaa lingewafikia majirani. Tusiwacheke wazee. Walikuwa wanailinda jamii kwa namna waliyoijua, na hata leo hospitali huwatenga wagonjwa wa kuambukiza. Lakini mzigo wa desturi hiyo ulimwangukia zaidi mwanamke, tena wakati ule alipohitaji watu kuliko wakati mwingine wowote.

Injili inatuonyesha njia nyingine. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alihesabiwa najisi kwa sheria ya wakati ule. Alikuja kwa siri akagusa vazi la Yesu. Yesu hakuogopa kuchafuliwa. Alimwita "binti" mbele ya watu wote (Marko 5, aya ya 34). Huko Naini aligusa jeneza la kijana, mtoto wa pekee wa mjane, jambo ambalo watu walilikwepa (Luka 7, aya ya 14).

Desturi zimebadilika, lakini hofu haijaisha. Bado yupo mjane anayenong'onezwa kwamba ana mkosi. Bado yupo mama aliyepoteza mimba mara tatu ambaye majirani hawapendi ambebe mtoto wao mchanga. Wapo waliobaki wazima katika nyumba ambayo wengine wote walikufa, nao hutazamwa kwa jicho la mashaka: kwa nini yeye tu? Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo inapokwenda kusali Rozari katika nyumba ya mtu kama huyo, ikala chakula chake na kumpa mtoto ambebe, imehubiri Injili kuliko hotuba ndefu.

Wote ni mitume

Tukifika hapo tumekwisha kuingia katika habari ya utume. Wengi wetu tukisikia neno "misioni" tunafikiri juu ya padre mzungu mwenye ndevu na pikipiki. Historia ya Jimbo la Mbulu inatufundisha zaidi.

Eneo la Mbulu lilifanywa na Roma kuwa eneo la pekee la kitume mwaka 1943, likakabidhiwa kwa Wapalotini kutoka Ireland, na mwaka 1953 likawa jimbo kamili. Askofu wa kwanza alikuwa Patrick Winters, Mpalotini. Aliyemfuata, Nicodemus Hhando, alikuwa mzaliwa wa nchi hii. Wapalotini ni wana wa kiroho wa Mtakatifu Vinsenti Palloti, padre wa Roma aliyeishi kati ya mwaka 1795 na 1850. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: kila mbatizwa ni mtume, si padre na mtawa peke yao, bali pia fundi, mfanyabiashara na mama wa nyumba. Wakati wake wengi waliona fundisho hilo kuwa geni. Kipindupindu kilipoingia Roma mwaka 1837, yeye na wenzake waliwahudumia wagonjwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulilifanya wazo hilo la utume wa walei kuwa fundisho la Kanisa zima, na Palloti mwenyewe alitangazwa mtakatifu mwaka 1963, wakati Mtaguso ukiendelea.

Utume huo ulikuwa na uso wa kike pia. Hadi mwaka 1936 sheria za Kanisa ziliwazuia masista kufanya kazi ya ukunga. Fikirini, akina mama: mtawa aliweza kumfundisha msichana kusoma, lakini hakuweza kumsaidia kujifungua. Mwaka huo Roma iliondoa kizuizi. Mwanamke mmoja wa Ireland, Mary Martin, ambaye alikuwa amesubiri miaka mingi, akaanzisha mwaka 1937 huko Nigeria shirika la masista wamisionari wa matibabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 masista wake walifika Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya wilaya kubwa ya Mbulu na leo liko Babati. Hospitali ya Dareda ikakua, na watoto wengi wa nchi hii walizaliwa pale. Na ndugu zetu Walutheri kutoka Norway walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, ambayo hadi leo inahudumia watu wa Mbulu na mbali zaidi, bila kuuliza mtu anasali wapi.

Kwa hiyo tunaona kwamba Neno la Mungu halikuja Mbulu na Hanang peke yake. Lilikuja na mkunga, na mwalimu, na katekista aliyetembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango. Na lilipokelewa na wanawake waliolipeleka jikoni, shambani na kisimani, mahali ambapo hakuna padre anayefika.

Tukumbuke pia kwamba tarehe 3 Desemba ni siku ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ingawa mwaka 2023 sikukuu yake ilipisha Dominika. Yeye alisafiri hadi India na Japani, akafa mwaka 1552 akiwa karibu na China. Mwaka 1927 Papa Pius wa Kumi na Moja aliwatangaza wawili kuwa wasimamizi wa misioni: Fransisko Ksaveri, msafiri mkuu, na Theresia wa Mtoto Yesu, aliyeingia monasteri akiwa na miaka 15 na kufa humo akiwa na miaka 24. Kumbe mtu anaweza kuwa mmisionari bila kuvuka hata mto mmoja. Mama wa Bashnet, wa Dongobesh au wa Basotu asiyewahi kufika Dar es Salaam asidhani kwamba utume haumhusu.

Utume ulioonekana Katesh

Baada ya maporomoko, watu walifika Katesh kutoka pande zote. Wanajeshi na polisi walichimba, na wananchi wakachimba nao kwa majembe na sepetu. Waganga na wauguzi walifanya kazi katika hospitali ya wilaya, ambayo watu huiita Tumaini. Msalaba Mwekundu, Serikali, makanisa, misikiti na watu binafsi walileta unga, maharage, mablanketi, magodoro na nguo. Waliokosa makao walihifadhiwa shuleni, na baadaye zilijengwa nyumba mpya zaidi ya 100 kwa ajili yao katika kijiji cha Gidagamowd.

Aliyeuliza Mungu alikuwa wapi siku ile, tunaweza kumwonyesha mikono hiyo. Hatusemi kwamba hilo linamaliza swali. Lakini nabii Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19, alijifunza mlimani kwamba Bwana hakuwamo katika upepo uliopasua miamba, wala katika tetemeko, wala katika moto. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu, na sauti hiyo ilimwuliza anafanya nini pale, kisha ikamrudisha kwa watu wake akiwa na kazi. Ndivyo Mungu afanyavyo. Anayemtafuta katika mporomoko hamwoni. Anayemsikiliza baada ya mporomoko hutumwa.

Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, ambao chama chao kilianza mwaka 1972, wanafahamu vizuri kazi ya namna hiyo. Nao akina mama wa Kibarbaig, wenyeji wa nyanda za Hanang, tangu zamani walikuwa na baraza lao la wanawake, lenye nguvu hata ya kumtoza faini mwanamume aliyemdhulumu mwanamke. Umoja wa akina mama si jambo lililoletwa na meli. Injili inauchukua umoja huo na kuupanua, ili usiishie kwa watu wa ukoo au kabila moja.

Kukesha si kuogopa

Sasa turudi kwenye agizo la kukesha. Wapo wanaodhani kwamba kumtumaini Mungu ni kukaa bila kufanya lolote, wakisema, "Mungu atatulinda." Ibilisi alimjaribu Yesu kwa maneno ya namna hiyo juu ya kinara cha hekalu, naye Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Mtumishi anayekesha ana kazi yake mlangoni.

Kwa hiyo kukesha ni pamoja na kusikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuziamini. Ni kutojenga kwenye mkondo wa maji, hata kama ardhi ya hapo ni rahisi. Ni kuutunza msitu wa mlima, ambao chemchemi zake hunywesha watu na mifugo walio chini. Ni kuwafundisha watoto wakimbilie wapi mvua ikizidi. Ni kuwa na fungu dogo katika jumuiya kwa ajili ya siku ya shida. Mama anayefanya hayo hajapunguza imani yake. Ameshika jembe la yule mtunza shamba.

Wanawake waliokwenda kaburini

Tunamalizia na wanawake wa Injili ya Marko, sura ya 16. Asubuhi na mapema, siku ya kwanza ya juma, walikwenda kaburini wakiwa na manukato. Njiani waliulizana nani atawaviringishia lile jiwe kubwa la mlangoni. Hawakuwa na jibu. Hawakurudi nyumbani kusubiri jibu. Walikwenda na swali lao na manukato yao, na walipofika wakakuta jiwe limekwisha kuondolewa.

Mmoja wao, Maria Magdalena, ndiye aliyetumwa kuwapa mitume habari ya ufufuko. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, kama zilivyo siku za mitume.

Wako akina mama wa Hanang ambao jiwe lao bado liko mlangoni. Hatuwezi kuwaambia litaondolewa lini, wala kwa nini lilianguka. Tunachoweza ni kutembea pamoja nao kuelekea kaburini, tukiwa na manukato mkononi, tukimtumaini yule aliyetangulia kufika.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Someni Luka 13, aya ya 1 hadi ya 9. Msiba ukitokea kijijini kwetu, ni maneno gani husemwa kumlaumu mfiwa? Tunawezaje kuyaacha?

2. Ni nani katika jumuiya yetu anayetengwa kwa sababu ya msiba, ugonjwa au mkosi anaosemekana kuwa nao? Nani atakwenda kumtembelea juma hili?

3. Tumepewa "mwaka mmoja zaidi" kama ule mtini. Tutalimia wapi, na tutatia samadi gani, katika familia zetu?

4. Jumuiya yetu imejiandaa namna gani kwa siku ya mafuriko, njaa au moto?

Tusali

Ee Mungu, Baba yetu, unayetukumbuka kuliko mama amkumbukavyo mwanawe, uwapokee kwako ndugu zetu waliofunikwa na udongo wa Hanang. Uwashike mkono waliobaki, hasa wajane, wagane na yatima. Utuondolee ulimi unaohukumu, utupe miguu inayotembelea na mikono inayochimba. Pale tusipoelewa, utufundishe kungoja pamoja. Pale tunapoweza kusaidia, usituruhusu kungoja. Ee Bikira Maria, uliyesimama chini ya msalaba, simama pamoja na kila mama anayelia. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.